GITAA LA MKATO MMOJA
Sehemu ya Saba: Mtu Aliyemjua Absalom Waya

Mkono uliotua begani mwa Absalom wiki iliyopita, palepale mlangoni mwa ukumbi wa harusi Stafford, kando ya Houston, haukuwa wa bawabu. Wala haukuwa wa Jeptoo, ingawa moyo wa Absalom ulikuwa umeshaanza kujipa matumaini.

Ulikuwa mkono wa mwanamume, tena mzito.

"Absalom Waya!" sauti ikanguruma nyuma yake. "Ama ni macho yangu yameingia ukungu?"

Absalom aligeuka polepole, kama mtu aliyeambiwa kuna nyuki kwenye kola yake.

Mbele yake alisimama Mwita.

Sasa wewe uliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, usihangaike, nitakufikisha mara moja. Absalom ni karani wa kampuni ya bima huko Plano. Ana miaka arobaini na tisa, suti mbili, na hana mke tangu wa kwanza alipohamia Seattle na hasira zake. Anampenda Jeptoo, muuguzi wa Euless. Siku walipokutana kwenye nyama choma ya Wakenya, ulimi ukamponyoka: akasema kwamba zamani, kule Migori, alikuwa mpiga gitaa la solo wa bendi ya Migori Jazba.

Uongo huo ulimlazimu anunue gitaa la umeme. Gitaa likamlazimu ajifunze, Jumamosi nane za siri, kwa Anicet, Mrundi mpole anayefanya kazi ghalani karibu na uwanja wa ndege na kupiga gitaa kanisani. Na leo, mwezi wa Aprili 2019, Kigen, kaka yake Jeptoo, anaoa. Absalom amealikwa apige mbele ya ukoo mzima.

Ukweli je? Katika Migori Jazba, Absalom alibeba spika. Alikunja waya pia, ndiyo maana wakamwita Absalom Waya. Mpiga solo alikuwa Mwita.

Mwita huyuhuyu.

"Mwita," Absalom alisema. "Nilisikia ulikufa."

"Nilihamia Texas. Watu wa nyumbani huchanganya." Mwita alicheka, tumbo likitikisika ndani ya shati la kitenge. "Bibi harusi ni mtoto wa dada ya mke wangu. Na wewe? Ni nini hicho mgongoni?"

"Gitaa."

"Unampelekea nani?"

Absalom alivuta mkanda wa begi begani.

"Kumbe mnajuana!"

Jeptoo alikuwa amefika, gauni la kijani, viatu vya kisigino mkononi badala ya miguuni. Akawatazama mmoja baada ya mwingine, uso umeng'aa. "Uncle Mwita, si useme! Unamjua Absalom?"

"Huyu?" Mwita alimtazama Absalom. Akalitazama begi la gitaa. Akamtazama Jeptoo. Na jicho lake moja, ambalo Absalom alilikumbuka vizuri kuliko alivyotaka, likaanza kumetameta.

"Huyu," Mwita alisema taratibu, "ndiye aliyetubeba."

"Wacha!"

"Bendi nzima, mgongoni mwake. Siku asipokuja, hakuna mtu aliyetusikia."

Absalom alilisogeza begi la gitaa nyuma zaidi.

"Na jukwaani je?" Jeptoo aliuliza. "Alikuwa anakaa aje jukwaani?"

"Jukwaani alikuwa wa kwanza kupanda na wa mwisho kushuka. Muulize mtu yeyote wa Migori."

"Na yeye huniambia tu eti alikuwa anagusagusa."

"Aligusa kila kitu," Mwita alisema. "Kila kitu, mwanangu."

Hapakuwa na neno hata moja la uongo. Hilo ndilo lililomuumiza Absalom.

"Basi unapanda baada ya keki," Jeptoo alisema, tayari anaondoka. "Absalom, shangazi amekaa mbele kabisa. Amekuja kutoka Minnesota kukuona tu. Usiniangushe, eh?"

Akaenda. Mwita alimshika Absalom kiwiko, akamkokota hadi kwenye korido ya jikoni, katikati ya masufuria ya pilau. Hapo akaegemea ukuta, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mpiga solo!" alisema alipopata pumzi. "Umewaambia wewe ndiye ulikuwa solo?"

"Ilinitoka tu."

"Ilitoka ikaenda mpaka Minnesota!"

"Mwita, tafadhali. Ukisema, nimekwisha."

"Sijasema. Umenisikia nikisema?" Mwita alipangusa macho. "Haya, litoe nilione."

Absalom alifungua zipu. Tuwe wakweli, msomaji: hata aliyemcheka Absalom tangu sehemu ya kwanza angenyamaza kidogo hapo. Gitaa lilikuwa la rangi ya asali iliyochelewa jikoni, mbao nzima isiyo na tundu, zito kama mtoto wa miezi minne. Chini ya shingo lilikatwa upande mmoja tu ili vidole vipate njia ya kupanda kwenye sauti nyembamba. Upande wa pili lilibaki na bega lake, kana kwamba fundi aliitwa kula akasahau kurudi.

Mwita aliacha kucheka.

Alilipokea kwa mkono wa kulia. Wa kushoto aliuacha ukining'inia, na ndipo Absalom alipouona. Vidole vitatu vya mkono ule havikukunjika. Vilikaa vimenyooka kama vijiti.

"Mashine ya kiwandani," Mwita alisema kabla hajaulizwa. "Mwaka wa 2015. Walinishona vizuri. Nashika usukani, nashika kijiko. Uzi sishiki."

"Pole sana, ndugu yangu."

"Nilipokuona pale mlangoni na gitaa mgongoni, unajua nilifikiri nini? Nilifikiri labda Absalom alijifunza. Labda leo nitasikia wimbo wetu 'Barua ya Isebania' tena kabla sijafa kweli." Akapitisha kidole gumba cha kulia juu ya nyuzi, mara moja, kwa upole. "Kumbe Mungu ameniletea mbeba spika."

Lilisemwa kwa utani. Lakini lilimchoma Absalom mahali ambapo utani haufiki.

"Najua wimbo mmoja," alisema.

"Mzima?"

"Robo tatu."

"Mishiko mingapi ya vidole?"

"Mitatu."

Mwita alitikisa kichwa, akamrudishia gitaa, akaenda kutafuta kiti.

Wakati huohuo mlango wa nyuma ukasukumwa na Anicet akaingia kinyumenyume, akivuta amplifaya kwa mikono miwili. Alikuwa amevaa suti ya kijivu aliyoivaa siku ya komunyo ya binti yake, na jasho lilimtiririka kwa adabu.

"Mzee Absalom, hiki kitu ni kizito," alisema.

"Najua," Absalom alisema. "Niamini, najua." Kisha akamsogelea. "Anicet, gitaa lako umekuja nalo?"

"Liko kwa gari. Kwa nini?"

"Sikiliza. Pale jukwaani kuna pazia. Wewe ukae nyuma yake na gitaa lako, mimi nisimame mbele na langu. Waya yangu hatuchomeki. Wewe unapiga, mimi nachezesha vidole."

Anicet alimtazama kwa muda mrefu, kama baba anayetazama ripoti ya shule.

"Hapana, mzee."

"Dakika nne tu!"

"Dhambi si dakika. Mimi ni Mkatoliki, nikidanganya naenda kuungama. Lakini Padri ataniuliza, ulidanganya nini? Nitasema, nilijificha kwa pazia ili mwanaume mzima apate mchumba. Padri atacheka. Siwezi kuungama kwa padri anayecheka."

"Anicet!"

"Vidole vyako vya kushoto viko vizuri," Anicet alisema, sasa kwa sauti ya mwalimu. "Nimekwambia kila Jumamosi. Mkono wa kulia ndio unakimbia. Uambie utulie. Basi."

Akaendelea kuvuta amplifaya kuelekea jukwaani.

Absalom alibaki peke yake na masufuria. Ukumbini mshereheshaji alikuwa anawaita watu waje kwenye keki. Absalom alitazama mlango wa jukwaa, akatazama mlango wa nyuma. Kutoka Stafford mpaka Plano ni mwendo wa saa nne na nusu kama huna haya.

Akachagua mlango wa nyuma.

Jua la alasiri la Houston lilimpiga usoni kama taulo la maji moto. Alivuka maegesho kwa hatua za mtu asiyekimbia lakini pia asiyetaka kufikiwa. Alikuwa ameshafungua buti ya gari aliposikia nyayo zisizo na viatu.

"Unaenda wapi na gitaa?"

Jeptoo alikuwa amesimama kwenye lami, anarukaruka mguu mmoja baada ya mwingine kwa sababu ya joto.

"Nimesahau pedali ya gitaa," Absalom alisema.

"Hujawahi kuwa na pedali."

"Nilitaka kuangalia kama ninayo."

Jeptoo hakucheka. Alivaa kiatu kimoja, akavaa cha pili, na kimo chake kikapanda mpaka macho yao yakalingana.

"Absalom."

Basi akasema. Alisema yote, haraka, akitazama taa ya nyuma ya gari lake. Kwamba hakuwa mpiga solo. Kwamba hakuwa mpiga chochote. Kwamba alibeba spika miaka mitatu, alikunja waya, na alilipwa soda na nauli. Kwamba Mwita ndiye aliyekuwa solo. Kwamba anajua mishiko mitatu, na wa tatu humjia siku za kiangazi tu.

Alipomaliza, ndege iliruka juu yao ikielekea uwanja wa Hobby.

"Najua," Jeptoo alisema.

"Mwita amekuambia?"

"Najua tangu Februari. Ulinipigia simu bila kujua, ikiwa mfukoni. Dakika arobaini na mbili, Absalom. Nilikuwa napanga dawa za wagonjwa, nikakuweka sikioni. Nikamsikia mtu anasema, 'Hapana, mzee, si kidole hicho.' Alisema mara kumi na tisa. Nilihesabu."

Absalom alitamani kuingia kwenye buti na kuifunga kutoka ndani.

"Na hukusema kitu?"

"Ningesema nini? Nimeshawahi kudanganywa na wanaume wengi. Wote wakishadanganya, wanapumzika. Wewe ulidanganya halafu ukaanza kufanya kazi." Sasa tabasamu lilikuwa linamchokoza pembeni mwa mdomo. "Kila Jumamosi nilikuwa nauliza, uko wapi? Unasema, uko dukani. Masaa matatu dukani! Nikasema huyu akimaliza kujifunza, nitamsikiliza. Na asipomaliza, nitamsikiliza vilevile."

"Basi tuache. Nimeshakuambia ukweli. Nenda umwambie shangazi ninaumwa."

"Hapana."

"Jeptoo..."

"Ukiingia kwenye hilo gari, hapo ndipo utakuwa umenidanganya kweli. Rudi ndani. Piga hiyo robo tatu yako." Akafunga buti mwenyewe, kwa kiganja. "Na usiniambie tena habari za pedali."

Dakika tano baadaye Absalom alikuwa jukwaani.

Waya uliingia kwenye gitaa kwa mlio mdogo, na amplifaya ikanguruma kama paka aliyeamshwa. Watu mia mbili waligeuza viti. Kigen na bibi harusi walikuwa na keki midomoni. Mbele kabisa, mkoba mapajani na mikono juu ya mkoba, alikaa shangazi wa Minnesota. Alikuwa na uso wa mtu aliyewahi kusimamia mitihani.

"Mabibi na mabwana," mshereheshaji alipiga kelele, "kutoka Migori Jazba, mpiga solo mwenyewe!"

Makofi.

Absalom alishika mshiko wa kwanza. Ukatoka. Wa pili ukatoka. Wa tatu, ah, wa tatu nao ukaja, safi, na akaona kichwa cha Anicet kikitikisika pembeni mwa jukwaa. Kwa mistari minne mizima harusi ile ilikuwa na mwanamuziki.

Kisha mkono wa kulia ukaanza kukimbia.

Kwanza ulitembea haraka. Halafu ukatimua mbio. Vidole vya kushoto vikafukuzana nao vikihema, na wimbo ambao ulikuwa wa kuyumbayumba polepole ukawa kama mtu anayeshuka ngazi na ndoo. Wachezaji wawili waliokuwa wameinuka wakakaa tena.

"Huyu anafukuzwa na nani?" shangazi aliuliza. Hakunong'ona.

Kicheko kikapita meza ya mbele, kikaenda ya pili. Absalom alisimamisha mkono. Akasikia kiti kikisukumwa nyuma.

Mwita alikuwa amesimama.

Alitembea moja kwa moja mpaka jukwaani, akapanda, akachukua maikrofoni mkononi mwa mshereheshaji. Absalom alifumba macho.

"Ndugu zangu," Mwita alisema, "huyu hakuwa solo."

Shangazi aliuhamishia mkoba mezani.

"Solo nilikuwa mimi. Huyu alibeba spika. Kwa miaka mitatu alibeba spika ambazo mimi sikuweza hata kuzisukuma, na alisimama pembeni akasikiliza kila wimbo niliopiga, kila wiki, mpaka mwisho. Mke wangu mwenyewe hajanisikiliza hivyo." Meza ya wanawake ikapiga makofi. Mwita akainua mkono wa kushoto, vidole vitatu vimenyooka mbele ya watu. "Mimi sasa nina mkono wa kulia tu. Yeye, mmemsikia wenyewe, ana wa kushoto tu."

Akarudisha maikrofoni. Akamgeukia Absalom.

"Simama wima," alisema kwa sauti ya chini. "Mkono wako wa kulia utie mfukoni."

"Nini?"

"Mfukoni! Usiutoe mpaka nikuambie."

Absalom alitii. Mwita akaja nyuma yake, akapitisha mkono wake wa kulia chini ya kwapa la Absalom kama anayetafuta kitu kilichoanguka, akashika kipigio kati ya gumba na kidole cha shahada. Wanaume wawili wanene kwenye gitaa moja. Watoto wa harusi walianza kucheka kwanza.

"'Barua ya Isebania,'" Mwita alisema sikioni mwake.

"Siijui!"

"Umeisikia mara mia tatu ukikunja waya. Vidole vyako havijui, lakini wewe unaijua. Mishiko ni ileile mitatu. Anza wa pili."

Absalom akaweka mshiko wa pili. Mkono wa kulia wa Mwita ukashuka.

Ewe msomaji, mimi nimehudhuria harusi nyingi. Sijaona ukumbi ukibadilika hivyo. Mkono ule haukukimbia. Ulitembea kama mtu anayekwenda nyumbani na anaijua njia. "Wa kwanza," Mwita alinong'ona. "Rudi wa pili. Ngoja. Wa tatu." Na vidole vya Absalom, ambavyo kwa Jumamosi nane vilikuwa vimekaripiwa na kufukuzwa, vikapata nafasi ya kufika, kukaa, na kushikilia.

Kigen aliinuka na bibi harusi wake. Meza ya wageni Wameru ikainuka yote. Anicet alianza kupiga makofi ya pembeni, ya Kirundi, yaliyoingia mahali ambapo hakuna aliyeyatarajia.

"Sasa panda," Mwita alisema.

"Panda wapi?"

"Juu! Pale penye mkato. Uzi wa pili, kidole cha pete. Unakumbuka ilivyokuwa inalia?"

Alikumbuka. Ghafla alikumbuka kila kitu: yeye amekaa juu ya sanduku la spika kule Migori, waya mabegani, akimtazama Mwita na kuiimba solo ile kwa midomo iliyofungwa. Vidole vyake viliteleza kwenye shingo, vikazama katika ule mkato, vikapata sauti ya kwanza. Ya pili ilikuwa na kasoro. Ya tatu ikaja. Zilikuwa sauti saba tu, si zaidi, na kila moja Mwita aliigonga kwa wakati wake hasa.

Kitu chenye uvuguvugu kilidondoka shingoni mwa Absalom.

"Ni jasho?" alinong'ona.

"Jasho," Mwita alisema. "Tazama mbele."

Walipomaliza, vigelegele vilitikisa maputo yaliyofungwa darini. Absalom aliteremka, mkono wa kulia bado mfukoni, maana hakuna aliyemwambia autoe. Jeptoo alimpokea chini ya ngazi. Hakumkumbatia. Alimshika kiganja, akamvuta hadi meza ya mbele.

"Shangazi, huyu ndiye Absalom," alisema. "Hubeba spika."

Shangazi alimpima kutoka viatu hadi kichwa.

"Spika ni nzito?"

"Sana, shangazi," Absalom alisema.

"Basi una mgongo. Keti hapa, ule."

Absalom aliketi. Sahani ikaletwa. Mwita alikuja akakaa upande mmoja, Anicet upande wa pili, na gitaa likalazwa juu ya viti viwili kama mgeni wa heshima aliyechoka. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya nyama choma, Absalom hakuwa na kitu cha kuficha. Aliinua kijiko cha pilau.

Hakikufika mdomoni.

"Papa, gitare hii umeitoa wapi?"

Mwanamke alikuwa amesimama juu yao, kitenge cha zambarau, aproni ya mpishi kiunoni. Alikuwa Mama Mado, Mkongo, ambaye yeye na mumewe ndio waliopika chakula cha harusi. Alikuwa hamtazami Absalom. Alikuwa analitazama gitaa.

"Unalipenda?" Absalom alisema, bado na furaha. "Mbao nzima, mama. Mkato mmoja..."

"Naijua. Nilikaa nayo nyumba moja miaka tano."

Kijiko kikarudi sahanini.

"Wakati maji ya mafuriko iliingia kwetu, mwaka juzi," Mado alisema, polepole, "tulitoka na watoto na karatasi za uhamiaji. Gitare ilibaki juu ya kabati. Tuliporudi, kabati iko. Gitare hakuna. Bwana yangu Déo hakulia nyumba, papa. Alilia gitare."

"Nililinunua kwa mtu," Absalom alisema. "Grand Prairie, kwenye maegesho. Mtu mwenye pikapu. Alisema ni la shemeji yake."

"Mama, magitaa kama haya ni mengi sana," Jeptoo aliingilia kwa upole. "Yanafanana yote."

"Yangu ina jina ndani." Mado aliweka kidole nyuma ya gitaa, juu ya kifuniko cheusi cha plastiki kinachofunika nyaya. "Déo alifungua hapa, akaandika jina yangu na wino nyekundu, akafunga. Alinionyesha dakika moja tu. Mufungue. Kama hakuna, nitaomba msamaha mbele ya watu hawa wote."

Absalom alimtazama Jeptoo. Jeptoo alimtazama Absalom, na hakumsaidia.

"Fungua, Anicet," Absalom alisema.

Anicet alitoa bisibisi ndogo mfukoni mwa suti. Skrubu ya kwanza. Ya pili. Ya tatu ilikuwa imekaza, akailaani kwa Kirundi kisha akafanya ishara ya msalaba. Ya nne ikatoka. Akainua kifuniko, akainamisha kichwa.

"Mado," alisoma. "Wino mwekundu."

Mado alijifunika mdomo kwa viganja vyote viwili. Mkono wa kushoto wa Absalom ulikuwa umeenda wenyewe ukalishika gitaa shingoni, na haukutaka kuachia. Jumamosi nane. Sauti saba. Saa moja tu ya kuwa mwanamuziki.

Lakini Anicet hakurudisha kifuniko. Aliligeuza gitaa kuelekea dirishani, akafinya macho.

"Kuna nini tena?" Mwita aliuliza.

"Chini yake kuna jina lingine," Anicet alisema, kwa sauti ya mtu anayetamani angekuwa ghalani Euless. "Wino uleule. Mwandiko uleule. Ni la mwanamke."

Mado aliteremsha mikono usoni.

Mlango wa jikoni ulifunguka. Akatoka mwanamume mfupi, kofia ya mpishi kichwani, sinia la kuku mikononi, anaimba kwa sauti ya chini. Akamwona mkewe. Akaliona gitaa. Akakiona kifuniko mkononi mwa Anicet.

Sinia likaanguka kwa kishindo, kuku wakatawanyika chini ya meza ya bibi harusi.

"Ndugu yangu," Déo alisema, "nakuomba kwa jina la Mungu. Soma la juu tu."